Ukucha wa Baba na Matairi ya Theluji

Buyenzi, Bujumbura
8 Novemba

Kwa mdogo wangu Yahaya,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ninaomba barua hii ikukute mzima, wewe na Houda, pamoja na huyo mgeni wa tumboni ambaye bado hana jina lakini tumeshaanza kumgombania. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Goti la Mama linauma kila mvua ikikaribia, na kwa kuwa mvua ya mwaka huu haijui kupumzika, goti nalo halipumziki. Sauti yake ni ileile. Jana alimfukuza muuza ndagala hadi kona ya msikiti kwa kumletea dagaa waliolala. Anakusalimu sana, na anauliza kama ni kweli kwamba huko watu wanalala na soksi. Mjibu mwenyewe kwa simu, mimi nimechoka kumbunia majibu.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Ujumbe wa simu unausoma umesimama kwenye basi, unaujibu kwa kidole gumba, kisha unausahau. Barua utaisoma umekaa. Loïc, mwalimu mwenzangu wa hesabu, anakwenda Montreal Jumatano kumwona dada yake, na ameapa kwamba itafika mkononi mwako. Nakuonya mapema: mwishoni kuna ombi, na katika dunia nzima ni wewe peke yako unayeweza kunijibu ndiyo au hapana. Usirukie huko. Ombi halieleweki bila habari ya matairi, na habari ya matairi uliianzisha wewe.

Mwezi wa tisa uliniandikia kwamba mwenzako wa kazi anauza matairi manne ya baridi yaliyotumika. Ulisema umeyabonyeza kwa ukucha kama Baba alivyotufundisha, yakabonyea vizuri, kwa hiyo bado ni vijana. Ulisema unafikiria kuchukua mawili tu uyafunge mbele, maana gari lako linavutwa na magurudumu ya mbele. Tena hukujua kama uyavalishe kwenye janti, yaani rimu, ulizo nazo au utafute janti nyingine za chuma. Ukaniuliza mimi, mwalimu wa historia, katika mji ambao kitu pekee chenye barafu ni friji la Mama, tena umeme ukiwepo. Ulijua unachofanya. Ulijua kwamba mtu akiniuliza jambo nisilolijua nitalala nalo mpaka nilijue, halafu nitamgombeza yeye kwa kutolijua.

Basi nimesoma, Yahaya. Wiki tatu nzima nimesoma miongozo ya madereva wa Quebec, makaratasi ya wahandisi wa Finland yaliyotafsiriwa Kifaransa, na mabishano ya wenye magari kwenye mtandao ambao wanatukanana vizuri kuliko bunge lolote ninalolijua. Sikiliza hukumu yangu. Matairi mawili ya mbele ni ujinga, na nasema hivyo kwa upendo. Mbele itashika barabara, nyuma haitashika, na kwenye kona ya kwanza nyuma ya gari itataka kukupita wewe uliye kwenye usukani. Funga manne. Janti tafuta nyingine, zile nyeusi za chuma zenye sura mbaya, kwa sababu chumvi wanayomwaga barabarani huko itazila hizo na kuziacha zako nzuri. Tairi likivuliwa na kuvalishwa kwenye janti ileile kila mwaka mara mbili linachanika midomo. Hilo hata Baba alikuwa analisema, naye hakuwahi kuona theluji. Ukiwa na seti mbili kamili unafungua nati tu na kufunga nati, unamaliza kabla chai haijapoa. Asubuhi ya baridi kali pima upepo, maana hewa ikipoa inanywea na tairi linalegea bila kutobolewa na mtu. Tena usingoje ile tarehe moja Desemba ambayo sheria ya huko imeweka. Unatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda kuwaogesha wazee wa watu kwenye ile nyumba yao ya kulelewa juu ya kilima. Theluji haitangoja sheria.

Lakini jambo la ukucha, hapo simama. Usibonyeze tena. Nitakueleza sababu, na ili nikueleze ni lazima kwanza nijiaibishe.

Tairi la baridi limetengenezwa kwa mpira laini makusudi, ili baridi ikikaza kila kitu lenyewe lisikaze. Linatambulika kwa alama ubavuni: mlima wa vilele vitatu, na ndani ya mlima chembe ya theluji. Kwenye baridi ni rafiki. Kwenye joto la Bujumbura linalika kama sabuni, na ukikanyaga breki kwenye lami yenye moto gari linachelewa kusimama. Nilipoijua alama ile nilitoka nyumbani kama mtu aliyejifunza kusoma jana. Nilipita avenyu moja baada ya nyingine hapa Buyenzi, nimeinama, nikiangalia matairi ya teksi, ya mapikapu, ya gari la harusi lililokuwa limepambwa maua. Mlima na theluji! Kamenge hivyohivyo. Nyakabiga hivyohivyo. Mji mzima unaendesha juu ya theluji ambayo haujawahi kuiona.

Unanijua. Damu ilinipanda. Zamani za mababu zetu Wazungu walikuja hapo ng'ambo ya ziwa kuchukua mpira kwa viboko na kwa mikono iliyokatwa. Leo wajukuu zao wakishautumia mpira miaka saba, minane, wanalipa meli iutoe uwanjani mwao na kutuletea sisi, na sisi tunawashukuru. Niliandika kurasa sita usiku uleule. Zilikuwa nzuri, hata sasa naona zilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa ukurasa wa saba.

Ukurasa wa saba ulimhusu Moubarak.

Najua uso wako ulivyobadilika hapo. Huhitaji kukumbushwa, lakini ninaandika ili tuwe na maneno mamoja. Moubarak alifanya kazi kwenye duka la matairi la Baba miaka kumi na moja. Alibeba jeneza la Baba bega la mbele. Halafu kabla ya arobaini kwisha akafungua duka lake la mapine, matairi yaleyale, mtaa uleule, upande wa pili wa barabara, na wateja wa Baba wakavuka. Tangu siku hiyo, miaka tisa sasa, hujamjibu salamu yake. Nami nilikufuata kwa kuwa wewe ndiye mtoto wa kiume na uchungu ulikuwa wako zaidi. Basi siku ile nilipopita mbele ya duka lake nikaona nusu ya rundo lake ina mlima na theluji, sikuingia kumuuliza. Nilikwenda redioni.

Kipindi changu cha Jumamosi kina miaka kumi na tisa. Kwa miaka yote hiyo sijawahi kurudisha neno nililolitoa, na hilo ndilo lililonipa jina katika mji huu, kama ni jina zuri au baya. Aloys, mkuu wa vipindi, alisoma kurasa zangu, akafuta jasho, akaniomba nisimtaje mtu. Sikumtaja. Nilisema tu kwamba yupo mfanyabiashara wa Buyenzi aliyelishwa na mikono ya marehemu Karimu, ambaye leo anajua kabisa kwamba anauza viatu vya barafu kwa watu wa jua, na anauza hivyohivyo. Nilisema anajua. Nilirudia mara mbili. Kisha nikajisifu, nisikufiche: nilisema binti wa Karimu hadanganywi tairi, ana ukucha wa baba yake.

Kabla ya adhuhuri mji mzima ulikuwa umeshamjua. Siku mbili zikatosha, watu wakawa wanamwita Moubarak Barafu. Wenye teksi walikuwa wanasimamisha gari mbele ya duka lake, wanatetemeka kwa mzaha, wanauliza kama anauza na makoti. Wateja wakavuka tena barabara, safari hii kwenda mbali naye. Aloys akamtumia mtu kumwambia ana haki ya kujibu Jumamosi inayofuata, dakika zilezile kumi na tano. Jibu lake lilinifikia kama alivyolitamka: eti mwambieni mwalimu mi siongee na redio, redio haina masikio.

Mama aliponisikia nikilicheka jibu hilo aliuliza kama nilimwuliza Moubarak kwanza. Nikasema ushahidi ulikuwa wazi, umepangwa mbele ya duka. Akasema hakuniuliza juu ya ushahidi.

Jumamosi mbili zikapita. Kisha ikaja siku ya esansi. Unaikumbuka mistari yetu ya esansi? Haijapungua. Uvumi ulitoka kwamba kituo kimoja cha mafuta karibu na Nyakabiga kitapata, na kufika saa moja asubuhi magari yalikuwa yamejipanga kuzunguka mitaa mitatu. Mimi na Carina yangu nyeupe tulikuwa wa arobaini hivi. Watu wakatoka kwenye magari kama kawaida, wengine wakicheza karata juu ya boneti, mama mmoja akiuza chapati na chai toka dirisha hadi dirisha. Nami nilikuwa nimekaa nasoma, wakaja watu kunisalimu na kuniomba niwachekeshe tena na habari ya Barafu. Nikawachekesha. Sikujua kwamba pikapu ya tano nyuma yangu ni ya Moubarak.

Alikuja taratibu, kofia kichwani, mikono nyuma. Akanitolea salamu kamili, na mbele ya watu wote nisingeweza kukataa, nikaiitikia. Watu wakasogea wakingoja moto. Hakusema lolote juu ya redio. Aliinama kwenye gurudumu langu la mbele la kushoto, akatoa kitambaa mfukoni, akaanza kupangusa tope la mvua ubavuni mwa tairi, polepole, kama mtu anayepangusa uso wa mtoto. Kisha akasimama akasogea pembeni ili watu waone.

Mlima. Vilele vitatu. Theluji katikati.

Yahaya, mtaa ulilipuka. Mmoja akapiga kelele: "Eh, mwalimu! Na we unakanyaga barafu?" Mwingine akasema apana, mwacheni, yuko anaenda Ulaya na hii Carina, amepitia tu kuchukua esansi. Yule mama wa chapati alicheka mpaka akaweka birika chini. Nilikuwa nimekagua matairi ya teksi, mapikapu na gari la bibi harusi, na sikuwa nimeinamia langu hata mara moja. Mimi ninayesoma kila kitu, hadi karatasi iliyofungiwa maandazi, sikusoma tairi ninalokanyagia.

Usidhani nilikubali pale pale. Nilibisha kama dakika ishirini. Nilisema nimebadilishiwa nikiwa sokoni. Nilisema tope limeharibu alama. Nilisema hata kama ni hivyo, mimi ni mnunuzi na yeye ni muuzaji, na hayo mawili hayalingani. Moubarak aliniacha niishiwe pumzi, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, hii mapine ulichagua na nini?"

Nikamwambia na ukucha. Akauliza ukucha gani. Nikainua kidole gumba, hiki cha kulia, ukucha nilioufuga kidogo kwa ajili ya kazi hiyo tangu nikiwa binti. Naye akainua chake. Ulikuwa umefugwa vilevile, umechongwa vilevile. Akasema, "Na mi pia."

Tukatazamana. Nadhani tulielewa kwa wakati mmoja, maana nilimwona macho yanabadilika.

Baba hakujua kusoma. Unajua jinsi alivyokuwa akiificha aibu hiyo kwa utani. Tarakimu nne zilizochapwa ubavuni, zinazosema wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa, hazikuwa na maana kwake, basi akajitengenezea njia yake: unabonyeza mpira kwa ukucha wa gumba, ukibonyea na kurudi tairi ni kijana, ukigoma tairi ni mzee. Watu walitoka hadi Carama kuja kumwomba abonyeze. Na katika siku zake ilikuwa kweli, kwa sababu matairi yaliyokuwa yakija yalikuwa ya aina moja. Ya theluji yalianza kumiminika baadaye. Hayo ni laini kwa kuzaliwa. Hata yakizeeka yanabonyea kuliko wenzao. Kwa hiyo kila mtu aliyefundishwa na Baba, akiwekwa mbele ya rundo, anabonyeza, anatabasamu, na kwa uaminifu wote anachagua theluji! Miaka tisa Moubarak amekuwa akiwachagulia watu yale aliyoamini ni bora, akiacha mazuri kwa wengine. Hakujua. Mimi nilisema redioni, mara mbili, kwamba anajua.

Nikaanza kucheka. Sijui ilitoka wapi. Nilimwona Baba amekaa kwenye kiti chake cha tairi, gumba hewani, akiutangazia mji wa joto kwamba kiatu cha barafu ndicho kijana kuliko vyote. Moubarak naye akaanza, ule mcheko wake wa kukohoa. Tulicheka mpaka mtandio ukaniangukia mabegani, tukashikilia boneti, na mstari ukasogea mbele, nyuma wakapiga honi, wakatupita mmoja mmoja wakitutukana. Sikupata esansi siku hiyo. Tuliisukuma Carina hadi Buyenzi, yeye na watu wawili wa karata, mimi nikiwa kwenye usukani nikifuta machozi.

Jumamosi ile nilirudisha neno. Aloys hakuamini, alidhani nina homa. Nilisema jina lake kamili safari hii, Moubarak, nikasema nilimsingizia, nikasema tairi la theluji nililikuta chini ya gari langu mwenyewe. Nilimwalika studio na akaja, ameshika kipande cha mpira kama ushahidi wa mahakamani. Aliongea vizuri kunishinda. Alisema Mzee hakukosea. Dunia ndiyo ilibadilisha mpira bila kumwambia. Aliwafundisha watu kutafuta mlima, na kusoma tarakimu nne, na wasiojua kusoma wapeleke mtoto wa shule. Simu ziliingia mpaka Aloys akatuongezea nusu saa. Nisikilize kwa makini: miaka kumi na tisa ya kutorudisha neno, na kipindi kilichopendwa kuliko vyote ni hicho. Nitalifikiria jambo hilo nikiwa peke yangu. Kuhusu meli na waliotutumia uchafu wao, sikurudisha hata nukta. Hao bado nina kurasa sita zao.

Baada ya hapo Moubarak alifanya jambo ambalo nataka ulijue. Alichukua nusu ya rundo lake, yote yenye mlima, akayaburuta nje ya duka, na kila jioni baada ya laasiri akawa anayakata kwa msumeno ili asije mtu akayauza tena kwa jina lake. Vipande anawapa mafundi wa kandambili. Nilikwenda siku ya kwanza kutazama, siku ya pili nikashika tairi asije akajikata mkono, siku ya tatu nikaja nimevaa gauni la kazi. Nusu ya mtaa ilikuwa inakuja na viti kutazama. Tulibishana juu ya kila kitu: juu ya uhuru, juu ya bei ya sukari, juu ya kama Baba alipenda chai ya tangawizi au alikuwa anamwonea haya Mama. Yahaya, anabisha vizuri mno! Hapandishi sauti. Anangoja umalize, anakata kipande kimoja, halafu anakuuliza swali.

Sasa nimefika. Kaa vizuri.

Siku ya tisa, tairi la mwisho lilipoanguka vipande viwili, nilimwuliza ataoa lini. Ndiyo, mimi. Hakuna mshenga, hakuna shangazi, hakuna aliyetumwa. Nilimwuliza wazi, mbele ya rundo la mpira, kwa kuwa mkewe Khadidja, Mungu amrehemu, ana miaka minne kaburini, na mume wangu Mohamadi ana kumi na miwili. Msumeno ulimtoka mkononi. Alitafuta kofia yake, ilikuwa kichwani. Kisha akasema: "Mi niko natafuta mutu wa kunigombeza kila siku. Umemuona wapi?" Nikamwambia nimemuona.

Basi hilo ndilo nililokuwa nakuficha tangu mstari wa kwanza. Dada yako, mwenye miaka hamsini na mbili, aliyesimama redioni akasema mwanamke mzima hahitaji ruhusa ya mtu hata kuvuka barabara, anamwandikia mdogo wake aliyemfulia nepi, amwombe ruhusa ya kuolewa. Baba hayupo, babu hayupo, walii wangu wa kuniozesha ni wewe. Shehe wa msikiti wetu alisema kwamba ukikataa bila sababu ya sheria, njia nyingine ipo. Nilitaka kuikimbilia njia hiyo, nisikudanganye. Moubarak ndiye aliyekataa. Alisema aliingia mtaani humu mara moja bila kumsalimia mtoto wa Karimu, na hataingia mara ya pili kwa mlango wa nyuma. Kama Yahaya atasema hapana, ataendelea kunisalimu barabarani na kunibishia redioni, basi.

Nilimwuliza pia juu ya ule wakati wa arobaini. Nilidhani atakuwa na sababu nzuri, kitu cha kukulainisha. Hana. Alisema aliogopa. Khadidja alikuwa mgonjwa, wateja walikuwa wanaanza kutawanyika, naye akaona akingoja siku arobaini atabaki fundi wa mtu mwingine maisha yake yote. Alisema alikosea, na kwamba angepaswa kuja kukaa nawe kwenye mkeka akuombe, na kila mwaka uliopita ulifanya iwe vigumu zaidi kuja. Ameniomba nikuandikie hivyo bila kupamba. Sijapamba. Nimemtukana mtu mmoja bila kumwuliza, na imenitosha. Ndiyo maana nimemwuliza, nami nakupa jibu lake kama lilivyo.

Ukikubali, andika hati ya uwakala kwa mkono wako kumpa Shehe mamlaka ya kuniozesha kwa niaba yako, umrudishie Loïc, atakuwa hapa kabla ya mwaka mpya. Tunataka iwe Januari, kabla ya Ramadhani. Ukikataa, andika vilevile, na uandike sababu, maana hapana isiyo na sababu nitaijibu kwa kurasa sita. Lakini nitabaki dada yako siku ileile na saa ileile. Mama amekwisha kubali, usimsingizie. Alichosema tu ni kwamba angalau safari hii nimeuliza kwanza.

Na kwa hali yoyote, ndugu yangu, yale matairi ya mwenzako yaache. Yalibonyea kwa sababu yalizaliwa laini, na mwezi wa tisa ulikuwa bado na joto. Yageuze uyasome: tarakimu mbili za wiki, mbili za mwaka. Nakubashiria ni ya zamani kuliko ndoa yako. Nunua mapya, manne, kwenye janti zake. Ukucha wa Baba tutauheshimu kwa njia nyingine. Mtoto akiwa wa kiume mwiteni Karimu, na mfundisheni kusoma mapema.

Carina yangu sasa ina matairi ya jua. Moubarak aliyachagua, mimi nikayasoma.

Msalimie Houda, mwambie apumzishe miguu na asikubali kuendeshwa na mtu mwenye matairi mawili. Wasalimie Warundi wenzetu wa huko na wote wanaoniuliza. Mama anakuombea dua kila sala, nami ninaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko kawaida, kwa sababu mwezi huu nina haja zangu ndani yake.

Ni mimi dada yako mkubwa, ninayengoja jibu lako bila subira yoyote,

Mwantum binti Karimu

Chini hapa nimempa mtu mwingine kalamu. Nimemruhusu mistari miwili tu.

Yahaya, asalaam aleikum. Ni mi, Moubarak. Salamu yangu kama hutaiitikia, apana shida, nimezoea. Lakini hata ukinikatalia dada yako, nakuomba kwa jina la Mzee: mapine ni ine, apana mbili.